Mteja Amehama

Kabla ya kompyuta kuletwa, depo yetu ya Eldoret iliendeshwa na kichwa cha mzee mmoja. Kazi yetu ilikuwa kusambaza unga, sabuni na mafuta ya kupikia kwa maduka ya rejareja, kuanzia mjini hadi Kapseret na Kesses, na mzee wa stoo alilijua kila duka kama alivyowajua ng'ombe wake. Alijua duka linaloishiwa na unga kila Jumatano, duka ambalo mwenyewe hafungui mpaka amalize kukamua, na duka ambalo ukilipelekea lori kubwa wakati wa mvua basi ujue umeenda kulala huko. Hakuandika popote isipokuwa ukutani, kwa chaki, na kazi ikiisha alifuta.

Makao makuu kule Nairobi hawakulipenda jambo hilo. Walisema habari za kampuni haziwezi kukaa ndani ya kichwa cha mtu ambaye anaweza kufa wakati wowote. Mzee akauliza kama kompyuta yenyewe haifi. Akajibiwa kwamba ikifa, kuna nyingine Nairobi. Akasema hilo ni jambo zuri sana, kisha akaomba kustaafu.

Sisi wengine tulifunzwa mfumo kwa siku tatu katika ukumbi wa hoteli. Mwalimu alikuwa kijana mwenye tai aliyetuchorea mishale ubaoni: bidhaa inatoka kiwandani, inaingia depo, inafika dukani, inamfikia mlaji. Mlaji alichorwa kama kiduara kidogo pembeni kulia, na katika siku tatu zile hakuna aliyemtaja tena. Tulikula sambusa nyingi. Tukapewa vyeti.

Mimi ndiye niliyechaguliwa kuuendesha mfumo, kwa sababu nilikuwa na cheti kingine cha kompyuta, nilichokipata katika chuo kilichokuwa orofani juu ya bucha. Nilikuwa nimekuja Eldoret kutoka upande wa ziwa kutafuta kazi yoyote, hata ya kubeba magunia, na sasa nikaitwa afisa wa data. Kompyuta ilinunuliwa zulia na pazia, vitu ambavyo wapakiaji hawakuwahi kununuliwa na mtu yeyote, na kila aliyeingia chumbani mwangu alivua viatu mlangoni. Meneja wetu, mzaliwa wa huku huku nyanda za juu, mzee wa kanisa aliyeweza kunizaa, alikuwa akija kuniuliza habari za mauzo akiwa amesimama na soksi. Nakiri kwamba nililipenda sana jambo hilo.

Kila duka lilipewa namba. Mwenye namba aliletewa bidhaa mlangoni kwa lori, kwa bei ya jumla. Asiye na namba alinunua mjini kwa bei ya watu wote, akafunga unga wake nyuma ya boda boda, na akifika kwake faida yote imeshaishia njiani. Kwa hivyo namba ndiyo iliyokuwa duka. Mabati na kaunta vilikuwa mapambo tu.

Mteja wa kwanza niliyemsajili upande wa Kesses alikuwa mama mmoja mwenye duka karibu na vyumba wanavyopangisha wanafunzi wa chuo kikuu. Hakuwa mzaliwa wa huko. Alikuja zamani akiwa ameolewa, akafiwa na mume, akabaki na watoto watatu na duka. Alikuwa mteja wetu kwa miaka tisa, nami nikaiandika yote kwenye mfumo; chuo kilipofunguliwa aliweza kumaliza nusu lori peke yake. Madereva walimpenda kwa sababu chai yake ilikuwa na maziwa ya kweli.

"Kwa hivyo sasa mimi ni namba?" aliniuliza nilipomsomea.

"Namba ni ya kukuhudumia haraka, Mama."

"Basi mimi nangoja hiyo haraka," akasema, akacheka, akamtafuta fundi wa kuipaka namba ile juu ya mlango wa duka, kwa rangi nyekundu.

Mfumo ulitaka kuelezwa kila kitu. Lori lilipotoka na kurudi na mzigo, ilinibidi nichague sababu kutoka kwenye orodha. Sababu zilikuwa sita, na Nairobi waliamini kwamba hakuna jambo linaloweza kutokea wilayani kwetu Uasin Gishu nje ya hizo. Mteja hayupo. Duka limefungwa. Mteja hana pesa. Mteja amehama. Gari limeharibika. Hali mbaya ya hewa. Hiyo ya mwisho tuliiomba sisi wenyewe na tukaingoja miezi, na ilipofika ilikubali mvua inayonyesha tu. Dereva aliyekwama kwenye matope siku ya pili, jua likiwaka, alihesabiwa kuwa mzembe.

Kisha tukapiga kura.

Sina haja ya kueleza yaliyofuata baada ya matokeo kutangazwa. Waliokuwako wanajua, na wasiokuwako wameelezwa mara nyingi na watu ambao pia hawakuwako. Nitasema tu kwamba kutoka mlango wa depo ungeweza kuuhesabu moshi kwa kufuata ruti za malori yetu, na kwamba barabara zilizibwa kwa mawe na magogo. Mimi na watu wa kwetu hatukuwa kwenye orodha ya wageni waliotafutwa wiki ile. Nasema hivyo bila kujivunia, maana orodha yenyewe sikujua inaandikwa na nani wala kesho ingemtaja nani. Nilikuwa naogopa, na niliendelea kuogopa kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kusimulia.

Tulifunga depo siku tatu. Siku ya nne meneja alinipitia nyumbani, tukatembea pamoja hadi kazini, yeye mbele, kwa sababu makao makuu walitaka ripoti. Nilipowasha tu kompyuta, simu ikalia. Alikuwa mkubwa wa data wa Nairobi, mtu ambaye sikuwahi kumwona, ambaye sauti yake ilisikika daima kana kwamba yuko mezani anakula.

"Kesses inasoma zero. Kwa nini Kesses inasoma zero?"

"Barabara zimefungwa, sir."

"Zimefungwa na nani?"

"Na watu, sir."

"Sasa hiyo mimi nitaiweka wapi? Chagua reason kwenye system."

Nilikuwa bado naiangalia orodha yangu ya sababu sita wakati simu ilipolia tena. Safari hii alikuwa ni yule mama wa Kesses. Alizungumza polepole, kama mtu anayeagiza mzigo.

"Kijana wa kompyuta, duka imechomwa. Imeisha yote. Niko na watoto kwa jirani, na jirani ameanza kuogopa. Hizo lori zenu ziko wapi?"

Nitaeleza nilichokifanya kama kilivyokuwa. Niliangalia skrini. Niliitafuta ruti ya Kesses, nikaiona, nikamjibu.

"Lori ya Kesses ni Alhamisi, Mama."

Nilisikia mtoto akikohoa upande wa pili.

"Alhamisi ya nini?" akauliza.

Dereva mmoja wetu, mtu wa Kapseret, alikuwa amesimama mlangoni akingoja kuambiwa kama kuna kazi. Alisikia. Aliingia na viatu vyake vyenye matope, akapita juu ya zulia la kompyuta, akachukua funguo za lori mezani pangu, akatoka. Hakuniuliza kitu na sikumwambia kitu. Alipakia makatoni matupu ya sabuni mpaka juu, akaenda.

Alirudi kabla ya saa sita. Mama na watoto wake watatu walikuwa chini ya makatoni; aliwashusha kwetu wanywe maji, kisha akawafikisha hadi uwanja wa kanisa lililo karibu ambako watu walikuwa wamekusanyika chini ya ulinzi wa polisi. Kwenye vizuizi alikuwa amekutana na vijana ambao wengine alisoma na kaka zao.

"Wameniuliza nimebeba nini," alituambia. "Nikawaambia ni sabuni. Mmoja akataka sampuli. Nikamwambia aende aombe Nairobi."

Tulicheka, sote watatu, mimi na yeye na meneja, kicheko kibaya. Halafu dereva akaenda kunawa, na mimi nikabaki na kazi yangu ya kuieleza Nairobi kwa nini mzigo wa Kesses haukufika.

Ningeweza kuchagua "duka limefungwa". Ulikuwa uongo pia, lakini uongo usio na madhara. Ila wiki ile Eldoret ilikuwa imepata namna yake ya kusema. Kanisani, kwenye foleni ya benki, kwa muuza maziwa, hakuna aliyesema fulani amefukuzwa au fulani amechomewa. Tulisema wamehama. Tulisema walienda kwao. Tulisema siku hizi hawako. Maneno safi, hayana mtendaji, unaweza kuyasema mbele ya mtu yeyote bila kwanza kuuliza yeye ni nani. Watu wenye adabu waliyatumia zaidi ya wote.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu na soksi zake.

"Weka tu amehama," akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo haina maneno mengi."

Nikaweka amehama. Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa nimemwona mama akishushwa kwenye lori, ana masizi usoni na kandambili za mtu mwingine.

Mfumo, ambao haukuwahi kuamini kwamba kuna matope wakati wa jua, uliliamini hilo mara moja. Kitu pekee ulichokitilia shaka ni kilomita za lori. Lori lilikuwa limeenda Kesses na kurudi bila kushusha hata katoni moja, na Nairobi wakamwandikia dereva barua ya onyo kwa matumizi mabaya ya gari. Mzigo pekee ambao depo yetu iliufikisha salama mwezi ule ndio uliomletea dereva barua. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaisukumia chini ya mguu mfupi wa meza yangu. Meza ilitulia.

Wakubwa wa siasa walipopeana mikono na barabara zikafunguliwa, amri ikaja kwamba tusafishe data. Walitumia neno hilo hilo, kusafisha. Sheria ya mfumo ilikuwa hivi: mteja akihama kwa hiari yake, namba haimfuati. Namba ni ya mahali. Atakayefungua duka pale ndiye atakayeirithi, pamoja na historia yake yote, ili ramani ya Nairobi isiwe na mashimo.

Wakati wa kupanda mahindi mtu mmoja wa huko alijenga duka kwenye kiwanja kile kile, mabati mapya yakimetameta. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Simjui. Alikuja depo na kitambulisho chake na tabasamu, nikambonyezea kitufe, akapata namba ya mama na sifa zake zote, tangu lori la kwanza. Mwisho wa mwaka mfumo ulimchagua kuwa mteja mwaminifu wa eneo zima. Mtu wa miezi minane alipewa cheti cha uaminifu wa miaka tisa. Meneja alikikabidhi, tukapiga picha, tukanywa soda. Mimi nilipiga makofi kama wengine, na nadhani niliyapiga kwa nguvu zaidi ya wengine.

Wakati huo mama alikuwa anaishi ndani ya hema kwenye uwanja wa maonyesho, pamoja na maelfu ya watu waliohama kwa hiari yao. Mara ya kwanza alipokuja depo alikuwa na mpango kamili kichwani. Watu wa kambini wanakula, wanafua, wananunua vitu vidogo vidogo kwa bei ya kuumiza. Yeye angeuza unga na sabuni mlangoni mwa hema, kidogo kidogo, mpaka asimame tena. Alichohitaji ni namba yake. Angekosa namba, angebaki kwenye foleni ya msaada na watoto wake, na foleni ile ilikuwa imeanza kumzoea.

"Sistimu imekataa, Mama," nilimwambia.

Ni sentensi tamu sana. Sijui mababu zetu waliwezaje kufanya kazi ofisini bila hiyo. Zamani ukitaka kumnyima mtu haki yake ilibidi utumie mdomo wako mwenyewe na umtazame. Siku hizi unaigeukia skrini kwa huzuni, unatikisa kichwa, na mnyimwaji anaondoka akikuhurumia wewe kwa kufanya kazi na mashine jeuri namna hiyo. Mama naye aliniambia pole.

Kweli ni kwamba mfumo haukuwa umekataa kitu, kwa sababu sikuwa nimeuuliza. Kuuliza kungenilazimu kueleza Nairobi kwamba niliandika uongo, na kumweleza yule mwenye mabati mapya kwamba namba si yake, na kazi nilikuwa naitaka na mwili wangu pia nilikuwa naupenda. Kwa hiyo nikafanya kile tunachokifanya. Nikamtuma akatafute barua.

"Lete barua ya chifu, Mama, ya kuonyesha kwamba hukuhama."

Chifu wa Kesses angempa barua kama angekwenda Kesses, na Kesses hakuweza kukanyaga. Chifu wa upande wa kambi akasema yeye huandika tu kuhusu watu wanaoishi kwake. Baada ya wiki mbili mama akaniletea barua yenye muhuri, ikithibitisha kwamba mwenye barua hii sasa ni mkazi wa hapa mjini. Niliisoma, nikaitia kwenye faili yake, kuwa ushahidi kwamba kweli amehama. Nikamwambia mfumo unafikiria.

Mara ya tatu hakuja peke yake. Dereva wa Kapseret alimkuta getini akiwa amezuiwa na bawabu, akamshika mkono, akamleta hadi chumbani mwangu. Mama akainama kuvua viatu.

"Usivue," dereva akamwambia. Kisha akanigeukia. "Leo muonyeshe. Mimi nimechoka kuona huyu mama akitembea."

"Geuza hiyo TV nione," mama akasema.

Niliigeuza. Ningeweza kusema nilifanya hivyo kwa ujasiri, lakini dereva alikuwa mtu mwenye mabega. Mama alivuta kiti, akasoma Kiingereza cha pale kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyozoea kukagua hati za mzigo wake.

"Customer relocated. Voluntary." Kidole kikashuka kwenye tarehe. "Hii ni ile siku nilikupigia simu."

"Ndiyo, Mama."

"Na hii chini ni nini?"

"Ni jina la mwenye kuandika."

Akalisoma jina langu. Mfumo ule uliokosea kuhusu mvua, kuhusu barabara na kuhusu uaminifu, kwa jambo hilo moja ulikuwa sahihi mpaka kwenye dakika.

"Kwa hivyo si sistimu."

"Si sistimu. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa, Mama."

Alinitazama bila hasira, kwa mshangao tu.

"Wewe uliogopa?" akasema. "Mimi nilikuwa chini ya makatoni."

Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikampigia simu mkubwa wa data wa Nairobi mbele yao wote wawili, nikamwambia kwamba nilichagua sababu isiyo ya kweli, kwamba duka lilichomwa moto na mwenyewe hakuhama, na kwamba nataka namba irudi kwake. Akaniuliza kuchomwa ni sababu nambari ngapi. Nikamwambia haimo kwenye orodha. Akasema basi hawezi kubadilisha kitu kwa sababu isiyokuwepo, na kwamba namba ile ni ya mteja mwaminifu aliyepewa cheti, ataonekana vipi akimnyang'anya? Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akanipa njia. Nimsajili mama upya, mahali popote, hata hapo kambini. Atapata namba leo na mzigo leo.

Mama akakubali. Watoto wangekula namba yoyote.

Nikafungua fomu. Jina, nikaliandika. Simu, nikaiandika. Mahali pa biashara, akanitajia kona ya uwanja na safu ya hema, nikaandika. Halafu likaja swali la mwisho, ambalo sikuwahi kulifikiria nilipokuwa nawasajili wengine: je, umewahi kuwa mteja wetu? Ukijibu ndiyo, mfumo unadai namba ya zamani, na ukiipata unakurudisha kule kule kwa mwenye mabati mapya. Unga ulikuwa upande wa hapana.

Nilimsomea swali, nikamweleza na hilo. Nilitaka aseme yeye. Nilitaka angalau jibu lile lisitoke kwangu.

"Sema wewe," akaniambia. "Mimi nikisema, wewe huandika ingine."

Dereva alikuwa ameshatoka kwenda kupakia. Nikabonyeza hapana. Skrini ikamkaribisha kwa Kiingereza, kwa maua pembeni, ikamshukuru kwa kutuchagua kwa mara ya kwanza.